Kura ya Mke wa Mzee wa Kanisa

Hakuna aliyemwambia Fundi, mshona sare za kwaya, kwamba Jumapili ile mdogo wake angeitwa mbele ya kanisa. Alikuwa ameketi na kwaya, safu ya kwanza, uso kwa uso na waumini, akijipepea kwa karatasi ya nyimbo, mara akamwona Kitinda anainuka kwenye benchi la akina mama. Kitinda alikuja katikati ya kanisa kwa mwendo wa bibi harusi asiyetaka kuolewa, mkono wake wa kuume umefunikwa kwa mtandio. Chini ya mtandio hapakuwa na kiganja. Mkono ulikuwa umeishia pale saa inapovaliwa.

Mbele, pembeni ya Mchungaji, alisimama Mfadhili. Alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini pale kanisani hakuna aliyelitumia tangu alipoezeka paa kwa bati jipya na kununua vipaza sauti. Alikuwa na kiwanda cha matofali nyuma ya soko, na mwaka ule alikuwa anagombea ubunge.

“Huyu ni binti yetu,” Mchungaji alisema. “Alipata ajali kazini. Hebu tuambie, binti, ni nani aliyekukumbuka ulipokuwa kitandani?”

Kitinda alitazama sakafu. “Mfadhili.”

“Paza sauti, wa nyuma nao wasikie!”

“Mfadhili ndiye aliyenikumbuka. Alinitunza kama baba.”

Kanisa likapiga makofi. Mfadhili akautwaa ule mkono mfupi na kuuinua juu pamoja na wa kwake, kama refa anavyomwinua bondia aliyeshinda. Mtandio ukaporomoka. Mtoto mmoja benchi la mbele akapiga yowe, mama yake akamziba mdomo.

Fundi aliyajua hayo matunzo. Mashine ya kufyatulia matofali ilikuwa na kinga ya chuma, ikang'olewa kwa amri ya Mfadhili mwenyewe kwa kuwa ilichelewesha kazi. Ilipomla Kitinda mkono, ilisimamishwa kwa muda wa kuisafisha tu. Hospitali akaletewa kiroba cha unga, blanketi, na karatasi iliyosema uzembe ulikuwa wake. Akaigongea dole gumba la kushoto, maana la kulia halikuwapo tena. Tangu hapo aliishi kwa dada yake, akifagia kwa mkono mmoja na kuomba radhi kwa kila kitu, hata mvua ikinyesha nguo zikiwa kambani.

“Sasa,” Mchungaji akasema, “tuna mgombea wetu, mtoto wa nyumba hii. Na upande wa pili kuna mwanamke aliyeshindwa na ndoa yake. Aliyeshindwa nyumba ataiweza nchi? Kila mmoja ainue mkono wa kuume, aahidi mbele ya madhabahu kwamba kura yake ni ya Mfadhili.”

Kanisa likawa msitu wa viganja. Fundi mikono yake ilibaki magotini.

Hakuwa mbishi. Alikuwa mtu wa kujikwaa kwenye kiti akakiomba radhi. Lakini mama yake aliwalea yeye na mdogo wake kwamba ahadi ya madhabahuni ni kama mshono: unaweza kuufumua, ila matundu ya sindano yatabaki kwenye kitambaa. Hakuweza kuahidi kitu ambacho moyo wake ulikuwa haujakikubali. Akainamisha kichwa akidhani hataonekana. Mtu wa kwaya, safu ya mbele, hataonekana! Mchungaji alimwona. Mfadhili alimwona. Na kule mlangoni, katikati ya wazee wenzake wa kanisa, mumewe naye alimwona, akashusha mkono wake polepole kana kwamba umeungua.

*

“Umenivua nguo mbele ya kanisa zima,” mumewe alisema, hata viatu hajavua.

“Mimi sikuinua mkono tu, Baba. Sikumvua mtu nguo.”

“Mke wa mzee wa kanisa! Watu wanageuka kunitazama mimi, si wewe. Wewe unatazamwa kama mgonjwa. Mimi natazamwa kama mwanamume asiye na kauli nyumbani kwake.”

Alikuwa fundi saa. Zamani meza yake pale sokoni ilikuwa haikosi watu, lakini watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu, na yeye alikuwa amebaki na kioo chake cha kukuzia na droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mfadhili alikuwa amemwahidi kazi ya kusimamia stoo ya kiwanda uchaguzi ukiisha. Alikuwa amekwisha kununua kofia ya kuendea kazini.

“Wewe ulijua kwamba Kitinda ataitwa,” Fundi alisema.

“Nilijua.”

“Ukamruhusu ashike ule mkono.”

“Mkono umepona. Mfadhili aliuliza kama Kitinda anaweza kumsaidia, mimi nikasema anaweza. Tatizo liko wapi? Sikiliza, Mama.” Akaketi, sauti ikashuka, akawa yule mume aliyekuwa akimfundisha nyimbo za sauti ya tatu wakiwa wachumba. “Kanisa linataka kiwanja cha shule. Tukimpata mtu wetu kule juu, tutakipata. Tukimkosa, tutabaki tunasali na kulia. Mimi sisemi ni malaika. Hata Daudi alikuwa na makosa, na Mungu akamtumia.”

“Daudi aliambiwa makosa yake usoni. Huyu nani kamwambia?”

Mumewe akaona ametukanwa. Akasimama. “Wewe ni nabii sasa? Cherehani imekuwa mimbari?”

Kitinda alikuwa mlangoni na jagi la maji, amelibana kifuani kwa ule mkono mfupi. “Shemeji, samahani. Maji ya kunawa.” Kisha akamgeukia dada yake, akasema kwa upole kabisa, bila hata chembe ya kijembe, “Dada, si ungeinua tu? Wewe unao.”

Hakuna aliyenawa.

*

Katikati ya wiki Mwenyekiti wa umoja wa akina mama alikuja na wenzake wawili. Fundi alikuwa barazani anashona sare za kwaya, vitambaa vya rangi ya zambarau vimelundikana kwenye mkeka, makwapa upande huu, kola upande ule. Aliacha kukanyaga, akawapisha viti. Hawakuketi.

“Tumekuja kwa upendo,” Mwenyekiti alisema.

“Karibuni.”

“Watu wanasema utampa Mkunga.”

Mkunga ndiye huyo mgombea wa pili. Alizalisha akina mama kwenye zahanati ya mtaa mpaka akastaafu, na nusu ya waliokuwa wanamsema vibaya walishikwa kwanza na mikono yake. Zamani aliimba kwaya hiyohiyo. Alipomkimbia mume wake na taya lililovunjika, alisomwa madhabahuni kwamba ametengwa kwa kuvunja ndoa takatifu. Alitoka kanisani siku hiyo akiwa na bendeji usoni, na hakurudi.

“Bado sijampa mtu,” Fundi alisema. “Naomba kwanza.”

“Uombe nini tena? Mchungaji ameshaomba kwa niaba yetu.”

“Basi Mchungaji naye apige kura kwa niaba yetu, tupumzike.”

Mmoja wa wale wawili akacheka, Mwenyekiti akamtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

“Fundi, mimi na wewe ni watu wazima,” Mwenyekiti alisema akiinama karibu. “Mle kwenye kibanda ni wewe na Mungu wako. Nani atajua? Jumapili simama, useme ulipitiwa na usingizi, utampa Mfadhili. Halafu huko ndani shauri yako.”

“Mama, hao wawili uliowataja ndio ninaowaogopa.”

Mwenyekiti alinyooka. Akaanza kuokota vitambaa, kola kwa kwapa, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, akivisokota kama nguo chafu. Wenzake wakamsaidia. Kola moja ilikuwa bado iko chini ya sindano. Mwenyekiti akaivuta ikachanika.

“Hatuwezi kumwimbia Mungu ndani ya nguo iliyoshonwa kwa ukaidi,” alisema.

“Hiyo kola ulikuwa unaweza kuninyanyulia sindano tu, nikakutolea.”

“Mungu atakutolea wewe.”

Waliondoka kwa kufuatana. Jirani wa mkono wa kushoto alikuwa amesimama muda wote na ndoo, amevaa miwani ya mbao, anajifanya hasikii wala haoni. Jioni alikuja kuchukua kitambaa cha gauni lake, ambacho kilikuwa bado hakijakatwa. Alisema ameghairi, rangi haikumkaa.

*

Fundi aliomba wiki nzima. Aliomba kwa kulalamika, kama mtu anayegombana na ndugu yake. Ukweli ni kwamba alichokuwa anakiomba ni ruhusa. Alitaka Mungu amwambie, mpe tu huyu mtu, ukae kwa amani na mumeo. Lingekuwa jambo jepesi. Lakini kila alipofumba macho, swali lilikuwa lilelile: kama Yesu angepita kwenye kiwanda kile siku ile, angesimama upande gani wa mashine? Na jibu halikuhitaji mchungaji. Lingejibiwa na mtoto wa shule ya Jumapili. Alijaribu kuliongezea “lakini” na “hata hivyo,” kila kiraka kikabanduka. Mwisho akasema, “Haya, Bwana, umenishinda. Lakini ujue watanimaliza.” Akainuka magoti yakiwa na alama za mkeka.

Katika maombi yote hayo Kitinda alikuwa chumba cha pili, akikunja nguo kwa kidevu na mkono mmoja.

Siku ya kura walikwenda wote watatu kwenye shule ya msingi iliyo karibu na soko. Mumewe alivaa ile kofia mpya. Kitinda alipiga kura kwanza akatoka haraka akificha uso. Fundi alipofika kwenye meza, mumewe akachomoka kwenye mstari akasimama kando yake, mkono begani pake.

“Mke wangu haoni vizuri,” alimwambia msimamizi, msichana mwenye shati jeupe na koo lililokauka kwa kusema tangu asubuhi. “Kazi ya cherehani imemla macho. Sheria inaruhusu asaidiwe. Nitaingia naye, nimwekee alama.”

Msimamizi akamtazama Fundi. “Ni kweli, mama? Huoni?”

Mkono wa mumewe ulikuwa mzito begani. Angenyamaza tu. Angenyamaza, dhambi ingekuwa ya mwingine, na nyumba ingelala salama. Watu wa mstari walikuwa wamenyoosha shingo wakisubiri.

“Naona,” Fundi alisema.

“Mama, usione aibu,” mumewe akasema kwa meno yaliyobanwa. “Macho si dhambi.”

“Naona, Baba. Mwanangu,” akamwambia msimamizi, “shati lako limeruka mshono hapo chini ya kola, na kifungo cha pili kimeshonewa uzi wa bluu.”

Msimamizi akashika kola yake. Mstari mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, “Mzee, huyo hata akifa ataona!” Wengine wakadakia, hakuna aliyebaki na uso mkavu isipokuwa mumewe, ambaye kofia ilikuwa imemshukia hadi kwenye nyusi. Mkono ukatoka begani.

“Mzee, rudi kwenye mstari,” msimamizi akasema, bado anacheka.

Ndani ya kibanda Fundi aliona picha za wagombea zikiwa zimepangwa. Mfadhili alikuwa anatabasamu. Mkunga hakutabasamu, taya lake lilikuwa limekaa upande kidogo. Fundi akaweka alama mbele ya Mkunga, akaikunja karatasi kama anavyokunja upindo, akaitumbukiza. Hakuna mbingu iliyofunguka. Alisikia tu mtu akikohoa na viti vikiburutwa.

Nje, mumewe alimngoja penye ukuta.

“Umempa nani?”

“Usiniulize, Baba. Ukiniuliza nitakwambia.”

“Nakuuliza.”

“Mkunga.”

Hakumpiga. Alivua kofia akaitazama ndani, kama anatafuta bei yake, halafu akatangulia nyumbani. Waliokuwa karibu walisikia, na kabla jua halijazama kanisa zima lilikuwa limekwisha sikia.

*

Mkunga alishinda. Alishinda kwa kura chache, watu wakabishana, wakahesabu upya, akashinda tena. Nyumba nyingi zilikuwa na mtoto aliyelia kwa mara ya kwanza mikononi mwake, na huenda mikono mingi iliyoinuliwa kanisani ilifanya mengine kibandani. Hao walirudi kimyakimya wakavaa nyuso zao za Jumapili. Anayejulikana alikuwa mmoja.

Siku ya pili yake msimamizi wa kiwanda alipita kwenye meza ya fundi saa. Hakushuka hata kwenye pikipiki. “Ile stoo usiihesabu,” alisema. “Bosi anasema mtu asiyeweza kufunga mdomo wa mkewe hawezi kufunga mlango wa stoo.” Wauza nyanya wa pembeni walisikia, wakaanza kupangua nyanya zao ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri.

Mumewe alirudi nyumbani mchana kweupe. Hakumsemesha mke wake. Aliingia chumba cha Kitinda, akatoka na mkoba wake na blanketi lile la hospitali, akaviweka barazani.

“Shemeji, nimekosa nini?” Kitinda aliuliza.

“Hujakosa. Aliyekosa ni dada yako. Lakini yeye ni mke wangu wa madhabahuni, siwezi kumtoa. Wewe sikukuoa.”

“Baba!” Fundi aliacha cherehani. “Huyu ana mkono mmoja. Aende wapi?”

“Akamuulize Mkunga wako. Wewe ulipiga kura kwa ajili ya mkono wake, sivyo? Basi mkono ukamlishe.”

“Akiondoka, naondoka naye.”

“Ondoka,” mumewe akasema bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Fundi. “Cherehani niliinunua mimi, itabaki. Nyumba ni ya baba yangu, itabaki. Nenda barabarani na Yesu wako, mkatafute chumba cha kupanga huko.”

Majirani walikuwa wamekwisha kujipanga, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anaanika, yule anafagia palipokwisha kufagiwa. Fundi akachukua mkoba wa Kitinda, akajifunga leso yake, wakatoka pamoja. Walikwenda hadi penye barabara kubwa. Pale, malori yakipita na vumbi likiwaingia mdomoni, hakuna aliyejua waelekee upande gani. Wazazi walikuwa wamekufa. Watoto wa Fundi, mmoja ameolewa mbali kwa watu wasiopenda wageni, mwingine amepanga chumba na wenzake watatu.

“Rudi, Dada,” Kitinda alisema.

“Nitakuachaje hapa?”

“Rudi. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nitajua pa kwenda.”

“Wapi?”

“Nitajua.”

Fundi alisimama kitambo. Yule mwanamke aliyesema “Naona” mbele ya watu wote alijitafuta ndani yake asijipate. Akamwaza mumewe amekaa peke yake gizani, akaiwaza cherehani, akawaza umri wake. Akampa Kitinda leso yake, akarudi. Alipofika barazani majirani walikuwa bado wanaanika.

Jumapili alisomwa. Ametengwa kwa kukaidi uongozi wa kanisa na kuvunja amani ya nyumba. Asishiriki meza ya Bwana, asiimbe kwaya, aketi benchi la mwisho karibu na mlango hadi atakapotubu. Aliyeisoma karatasi ile, kwa zamu ya wazee, alikuwa mumewe. Aliisoma vizuri, akitua kwenye kila nukta.

*

Haikufika hata mavuno, Mchungaji akatangaza ibada ya shukrani. Mheshimiwa Mbunge alikuwa amekubali kurudi nyumbani kwa Baba yake, na kila mamlaka, Mchungaji akawakumbusha, ina mkono wa Mungu ndani yake. Kwaya ikavaa sare za zambarau zilizomaliziwa na fundi mwingine, mikono mirefu kwa huyu, mifupi kwa yule.

Mkunga aliingia na wasaidizi wake, akaketishwa kiti cha mbele chenye mto. Nyuma yake tu aliketi Mfadhili. Watu walisema amekwisha kumpelekea matofali ya kujengea ofisi, lori baada ya lori, bila kudai kitu. Mchungaji alimwomba Mkunga msamaha kwa “kutoelewana kwa zamani.” Hakusema nani hakumwelewa nani. Mkunga akatikisa kichwa, taya lake limekaa upande, akasema yaliyopita si ndwele. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti wa akina mama ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Ndipo mumewe Fundi aliposimama.

“Mheshimiwa,” alisema, kofia kifuani, “wengi leo watakwambia walikuwa upande wako. Mimi sina maneno. Uliza kituo kizima cha shule ya msingi. Mke wangu alisimama mbele ya watu wote akakataa kushikwa mkono. Nyumba yangu ndiyo iliyokupigia kura waziwazi, wakati wengine wanaogopa. Tulilipa gharama.”

Fundi, kule benchi la mwisho, alisikia neno “tulilipa,” akashika ukingo wa benchi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

“Mama huyo yuko wapi?” Mkunga akauliza.

Vichwa vikageuka. Mchungaji akakohoa. Fundi akaitwa mbele, akapita katikati ya mabenchi, akashikwa na Mkunga mikono yote miwili, watu wakapiga makofi, walewale, kwa viganja vilevile.

“Asante, mama yangu,” Mkunga alisema.

Fundi aliona huu ndio wakati. Akasema haraka, kwa sauti ya chini, “Ile mashine ya kiwandani bado haina kinga. Mdogo wangu ilimkata mkono. Wapo wasichana wengine pale hadi leo.”

Mkunga alimtazama sawasawa, kwa kitambo kidogo, kwa yale macho ya zahanati. Kisha macho yakahama, yakapita juu ya bega la Fundi hadi kwa Mfadhili aliyekuwa akitabasamu kwenye kiti chake.

“Nitalifuatilia, mama,” alisema. Msaidizi akamnong'oneza kuhusu muda. Mikono ikaachia.

Siku hiyo hiyo fundi saa aliwekwa kwenye kamati ya maji ya Mbunge. Kuhusu benchi la mwisho, Mchungaji alimweleza Fundi mlangoni, kwa upole, kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Kura ilikuwa haki yake na hakuna anayemlaumu. Alichotengewa ni ukaidi, na ukaidi alikuwa bado hajautubu.

*

“Mlete yule binti,” mumewe alisema jioni, akipiga pasi suruali ya kamati. “Mheshimiwa anaweza kupita hapa siku yoyote. Akimkuta Kitinda, itapendeza. Historia yetu itakamilika.”

Fundi akarudi kwenye cherehani. Kesho yake alikwenda kumtafuta. Hakutafuta sana. Alimkuta pale ambapo wote walijua yupo na hakuna aliyethubutu kupataja, nyuma ya soko, ndani ya ua wa kiwanda cha matofali. Kitinda alikuwa anachambua matofali mabovu na mazima, akiyachukua kwa mkono wa kushoto na kuyaegemeza kwenye ule mfupi, alioufunga kwa leso ya dada yake. Leso ilikuwa imekuwa rangi ya udongo. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, na msichana mwingine, mdogo kuliko yeye, alikuwa anailisha udongo kwa mikono miwili.

“Ulikuja hapa moja kwa moja?” Fundi aliuliza.

“Ningekwenda wapi kwingine? Nilimwambia msimamizi kwamba nilimpigia kura bosi wake. Akanipa kona kule stoo.”

“Ulimpigia kweli?”

“Nilimpigia.” Kitinda hakuacha kufanya kazi. “Unashangaa nini, Dada? Na mimi niliomba. Nilimwambia Mungu, shemeji akipata kazi, nitabaki na pa kulala. Nikaweka alama kwa imani kabisa.”

Tofali moja likavunjika mkononi mwake, akalitupa kwenye lundo la mabovu.

“Twende nyumbani,” Fundi alisema. “Shemeji yako amesema urudi.”

“Anataka nini?”

Fundi hakujua kudanganya. “Mbunge akija, akukute.”

Kitinda akacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni. “Basi hata hapa ni afadhali. Hapa siinuliwi na mtu, nainua matofali.”

“Mimi nilifanya vile kwa ajili yako, Kitinda. Haki ya Mungu. Kila nilipofumba macho nilikuona wewe.”

“Najua. Nilikuwa nakusikia ukiomba. Wiki nzima ulimuuliza Mungu juu ya mkono wangu.” Akajipangusa jasho kwa bega. Hakuonekana kuwa na hasira, na Fundi angetoa chochote amwone ana hasira. “Mimi nilikuwa chumba cha pili, Dada. Mlango ulikuwa wazi. Hukuniuliza.”

Msimamizi alipiga filimbi kutoka kivulini. Kitinda akainamia toroli la matofali, akapitisha ule mkono mfupi kwenye kitanzi cha kamba alichokifunga kwenye mpini wa kulia, akashika wa kushoto, akajaribu kulisukuma. Gurudumu lilikwama kwenye miguu ya dada yake.

“Nipishe, Dada,” alisema.

Fundi akampisha.